Tuache Ushirikina wa Waya Mnene

Jumamosi moja hivi karibuni nilikuwa katika duka la vifaa vya umeme hapa Nakuru, nikitafuta kamba ya nailoni, nilipomwona kijana niliyemfundisha fizikia miaka mingi iliyopita na ambaye leo naye ni mwalimu wa somo hilo hilo. Alikuwa akibishana na mwenye duka juu ya bei ya mita 50 za waya wa shaba wa milimita 6 za mraba. Baada ya kuamkuana nilimwuliza anajenga nyumba wapi.

"Sijengi, Mwalimu," akanijibu kwa furaha. "Ni chama cha sayansi cha shule. Tunatundika antena ya redio ya ridhaa. Kuna mzee mmoja mwenye leseni aliyekubali kuja na mtambo wake awaonyeshe wanafunzi, na ni mtambo wenye nguvu. Nguvu nyingi sharti zipewe njia pana."

Nikamwuliza ni kiasi gani cha fedha za chama kingesalia baada ya ununuzi huo. Akasema kingetosha kupata kebo nyembamba ya kuunganisha antena na mtambo. Kamba na vihami wangewaomba wazazi wa wanafunzi.

Sikuwa na haki ya kumcheka. Mimi ndiye niliyesimama mbele yake darasani nikaandika ubaoni kwamba ukinzani wa waya hupungua kadiri eneo la mkato wake linavyoongezeka, nikamtaka aikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani, naye akaikariri, akapasi, na sasa anaitumia. Sikumwambia kwamba kanuni hiyo, jinsi tulivyoiandika, ni ya mkondo mnyoofu kama ule wa betri. Sikumwambia kwa sababu mtihani haukuuliza. Nia ya makala haya ni kuwasihi walimu wenzangu wa Bonde la Ufa na kwingineko wasirudie kosa langu, kwa maana ushirikina wa waya mnene unamaliza fedha haba za vyama vya wanafunzi na kuwanyima watoto somo zuri kuliko antena yenyewe.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Mkondo wa betri ukipita katika waya huutumia waya wote, kuanzia ngozi hadi kiini. Mkondo geu wa masafa ya redio hauna tabia hiyo. Kadiri unavyogeuka upesi ndivyo usumaku wake wenyewe unavyousukuma nje, hadi ukawa unapita kwenye ngozi ya waya tu. Katika shaba, kwa masafa ya megahezi 1, sehemu kubwa ya mkondo hubaki ndani ya milimita 0.066 tu kutoka juu. Kwa megahezi 7, masafa ambayo wapenzi wa redio ya ridhaa huyatumia sana kuzungumza mchana kati ya Nakuru na Mombasa au Kampala, kina hicho ni milimita 0.025. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko hapo. Shaba yote iliyo katikati ya ule waya wa milimita 6 za mraba, ambayo chama cha shule kilikuwa tayari kuilipia, haifanyi kazi yoyote ya umeme. Inaning'inia tu, na uzito wake wote unavutwa na kamba.

Kwa sababu hiyo ukinzani wa waya katika redio hufuata mzingo wake, wala si eneo la mkato. Ukiuongeza maradufu unene wa waya, unanunua shaba mara nne, lakini ukinzani unapungua kwa nusu tu. Na nusu ya kitu gani? Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu, na ndipo ninapotaka mwanafunzi ashike kalamu.

Antena ya kawaida ya nusu ya wimbi kwa megahezi 7 ni waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kulishwa hapo. Antena hiyo ikiwa juu ya kutosha, mtambo huiona kama ukinzani wa takriban omu 70, na karibu zote ni za manufaa, kwa maana ndizo zinazowakilisha nishati inayotupwa angani. Sasa tuchukue waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 2. Kwa masafa hayo kila mita yake ina ukinzani wa omu 0.11 hivi. Mita 20 ni omu 2 na kidogo. Lakini mkondo hauko sawa kila mahali, ni mwingi katikati na haupo kabisa ncheni, kwa hiyo hasara huhesabiwa kwa nusu ya hizo, yaani kama omu 1. Omu 1 kwa 70! Katika kila wati 100 zinazofika katika antena, wati moja na nusu hivi hupotea kwa joto. Ukitumia waya wa milimita 1, hasara hufika wati 3 katika 100. Ukishuka hadi nusu milimita, kama uzi wa kushonea magunia, ni wati 5 au 6.

Tofauti kati ya hasara ya wati moja na nusu na ya wati 3 katika kila 100 haisikiki. Kipima ishara kilicho usoni mwa redio hupanda hatua moja pale nguvu zinapoongezeka mara nne. Hakuna msikilizaji wa Kisumu wala wa Dodoma atakayetambua kwamba Nakuru imebadilisha waya.

"Lakini Mwalimu," yule kijana alinikatiza, "mtambo wenyewe ni wa nguvu nyingi. Waya mwembamba hautayeyuka?" Ni swali la haki, na jibu lake ni la fizikia ya sekondari. Tuseme mtambo unatoa wati 400, kiwango nilichokichagua kwa ajili ya hesabu tu, kwa maana kila mwenye leseni hufungwa na masharti yake. Wati 400 katika omu 70 ni mkondo wa ampea 2.4. Pasi ya nguo hula zaidi. Hata tukiruka hadi wati 1,000 hatufiki ampea 4. Waya wa milimita 1 ungegeuza kiasi cha wati 30 kuwa joto, nazo zimetawanyika katika mita 20 za waya uliopungwa na upepo wa bonde. Ndege akitua juu yake hatahisi joto.

Ajabu ni kwamba lugha yetu yenyewe iliwahi kuwa makini zaidi kuliko madarasa yetu. Wafanyabiashara wa misafara waliotoka pwani kuja huku bara katika karne ya 19 hawakusema "waya" tu na kuishia hapo. Waya mnene waliuita masango, na ule mwembamba wa kusokotea vikuku wakauita udodi. Joseph Thomson alipopita Naivasha na Baringo mwaka 1883, mizigo ya wapagazi wake ilikuwa na waya na shanga, na asiyejua unene unaopendwa mahali fulani alijikuta na mali isiyonunulika. Baadaye wakoloni walipopitisha waya wa telegrafu katika nchi ya Wanandi, magharibi mwa hapa, vijana waliukata na kuufanya mapambo, jambo ambalo lilikuwa miongoni mwa manung'uniko ya utawala ule hadi Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Kila mtu katika bonde hili, basi, alijua kwamba waya una kazi yake na unene wa kazi hiyo. Sisi wenye vyeti ndio tunaosema "ule mnene zaidi."

Na hata mwalimu akiamua kununua kwa hesabu, kuna mtego dukani. Fundi wa ua atakuuzia waya kwa geji, na geji hiyo ni ya Kiingereza, ambayo namba ikipanda waya hupungua: geji 14 ni milimita 2.03 na geji 16 ni milimita 1.63. Vitabu vingi vya redio ya ridhaa vinavyosomwa hapa vimetoka Marekani, na namba 14 ya Wamarekani ni milimita 1.63, yaani sawa na 16 ya Mwingereza. Muuza vifaa vya umeme naye hatumii geji kabisa. Yeye hutaja eneo la mkato kwa milimita za mraba, kwa hiyo waya wake wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.78, na wa 1.5 una kipenyo cha milimita 1.38. Namfahamu mwanafunzi aliyenunua wa 1.5 akidhani ni milimita 1.5 kamili. Hakupoteza kitu, lakini mwingine atakayekosea upande wa pili atalipa mara mbili. Hilo pekee latosha kuwa zoezi la kipindi kizima: mpe kila mtoto kipande cha waya na maikromita, mwambie atafute jina lake katika mifumo yote mitatu.

Nisije nikaeleweka kwamba unene haufai kitu. Una faida ndogo ya kuipanua kidogo safu ya masafa ambayo antena huikubali. Zaidi ya hayo, kuna mahali ambapo unene ni uhai na mauti. Shule isiyo na uwanja hushawishika kutengeneza pete ndogo ya waya badala ya antena ndefu. Pete yenye mzingo wa mita 3, kwa megahezi 7, ina ukinzani wa manufaa wa omu 0.005 tu. Itengeneze kwa waya wa milimita 2, na ukinzani wa hasara utaumeza ule wa manufaa: hazitatoka hata wati 2 katika 100. Itengeneze kwa bomba la shaba la milimita 22, lile la fundi wa maji, na zitatoka kama 14. Kwa hiyo mtoto akiuliza, "Je, waya uwe mnene kiasi gani?" jibu la kwanza ni swali: antena yako ni fupi kiasi gani ukilinganisha na wimbi?

Mahali pengine panapohitaji unene ni ile kebo ambayo yule mwalimu alitaka kuinunua kwa chenji. Mita 30 za kebo nyembamba aina ya RG-58 hula, kwa masafa hayo hayo, kiasi cha moja ya tano ya nguvu zote, na pengine zaidi ikiwa imezeeka. Kebo nene aina ya RG-213 hula karibu nusu ya hasara hiyo. Tazama basi mpango wa chama: wangelipa fedha nyingi kuokoa wati moja katika 100 kwenye waya, halafu wapoteze 20 kwenye kebo kabla mawimbi hayajaufikia waya wenyewe.

Nguvu nyingi zina adhabu yake nyingine, nayo haiko katikati ya antena penye mkondo mwingi bali ncheni penye volti nyingi. Kwa wati 1,000 ncha za antena hii zaweza kupita volti 2,000. Hapa sisi wa nyanda za juu tuna neno letu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa; ukipanda ukingo wa Menengai, kwenye mita 2,278, inapungua tena. Hewa nyepesi huruhusu cheche mapema. Kisa mashuhuri ni cha kituo cha redio cha HCJB mjini Quito, Ekwado, ulio juu zaidi ya mita 2,800. Katika miaka ya 1940, mtambo wake wa wati 10,000 ulikuwa ukichoma ncha za antena kwa cheche, hadi mhandisi Clarence Moore alipobuni antena ya mraba uliofungwa, isiyo na ncha zilizo wazi. Antena hiyo ingali ikitumiwa na wapenzi wa redio duniani kote. Sisi hatufiki wati 10,000, lakini tabia nzuri ni ile ile: usiache ncha kali ya waya ikichungulia nje ya kihami. Ikunje irudi nyuma, izungushe, ilainishe. Na kihami kiwe kirefu na kisafi, kwa kuwa vumbi letu la kiangazi likinyeshewa na mvua ya kwanza huwa njia ya umeme.

Zaidi ya yote, unene huchaguliwa kwa ajili ya upepo. Nililipia somo hili mwenyewe. Antena yangu ya kwanza niliitengeneza kwa waya wa nyumba wa milimita 4 za mraba, nikaufunga kati ya mikalitusi miwili, nikauvuta hadi ukanyooka kama rula, nikajisifu. Waya wa nyumba ni shaba laini, iliyokusudiwa kupindwa ndani ya mabomba ya ukutani. Miti ilipoyumba, waya ulirefuka. Antena ya mita 20 ikirefuka kwa sentimita 20, masafa yake ya asili hushuka kwa asilimia 1, yaani kilohezi 70 hivi. Na safu yote tunayoruhusiwa huku kwetu, kutoka megahezi 7.0 hadi 7.2, ina kilohezi 200 tu. Kila wiki niliikata, na kila wiki ilirefuka. Mwishowe ilikatika yenyewe usiku, pale katikati nilipolehemu kebo, ikaanguka juu ya ua wa jirani.

Ingekuwaje kama pale palikuwa na nyaya za umeme za barabarani? Swali hilo hunisumbua hadi leo. Antena ya shule isitundikwe mahali ambapo, ikianguka au kamba ikiponyoka, yaweza kugusa nyaya za umeme au zenyewe kuiangukia. Plastiki iliyouvika waya wa nyumba si kinga ya volti za barabarani. Na radi ikianza kunguruma upande wa Mau, mtambo ukatwe kutoka kwenye kebo. Hakuna unene wa waya utakaobishana na radi.

Afadhali shaba ngumu, au waya wa feleji uliovikwa shaba, ambao ni zao zuri la maarifa haya ya ngozi: feleji hubeba uzito, shaba hubeba mkondo, na kila kimoja hakimwingilii mwenzake. Waya mtupu wa chuma ni habari nyingine, kwa kuwa usumaku wa chuma huufanya mkondo ubanwe katika ngozi nyembamba zaidi, na kutu humalizia kazi. Na kama hakuna ila waya wa nyumba, basi uwe mwembamba kiasi, wa 1.5 au 2.5, uvutwe kabla ya kupimwa ili urefuke chini badala ya kurefukia juu, na upande mmoja wa kamba upitishwe kwenye kapi na kufungiwa kopo la mawe. Mti ukiyumba, kopo litapanda na kushuka. Kapi na kopo vitaiokoa antena kuliko kilo nzima ya shaba.

Shaba nene, tena, huonekana kutoka mbali. Biashara ya vyuma chakavu imetufundisha hivyo; mwezi wa Januari 2022 serikali iliipiga marufuku kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme na miundombinu mingine. Chama cha wanafunzi hakina askari wa kulinda mita 50 za masango.

Najua nitajibiwa kwamba mtaala hauna nafasi. Nilisema hivyo hivyo nikiwa kazini. Lakini ukinzani umo katika mtaala, mawimbi ya sumakuumeme yamo, joto la mkondo limo, na yote hufundishwa kama vyumba visivyo na milango kati yake. Antena moja ya mita 20 inavifungua vyote kwa asubuhi moja. Wala haihitaji kurusha mawimbi ili ifundishe. Kurusha bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa la jinai, na mwalimu asiwaingize watoto katika hilo; lakini kupima kipenyo, kukokotoa omu, kulinganisha kebo na kuuliza fedha ziende wapi hakuhitaji leseni ya mtu yeyote.

Yule kijana alinisikiliza hadi mwenye duka akaanza kukohoa. "Sasa mnanunua au mnafundishana, walimu wangu?" akauliza. Wakanunua. Mita 25 za waya wa 2.5, nyuzi saba, kapi mbili, na vihami vinne. Fedha zilizosalia zilikwenda kwenye kebo nene, ambayo mwenye duka hakuwa nayo na itabidi iagizwe kutoka Nairobi. Nilimshauri asiwaambie wanafunzi majibu, bali awaletee vipande vya waya vya unene mbalimbali na awaulize wao wangechagua upi. Mzee mwenye leseni atafika muhula ujao, mvua zikikoma.